Kwa nini unga unaong'aa gizani ulizimika chini ya kipande cha nyama

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika baiokemia. Nimesoma kuhusu chembe ambazo ukizimulika kwa dakika chache huendelea kung'aa kwa saa nyingi, na kwamba hutumika kupiga picha ndani ya mwili wa panya na kupima viashiria vya magonjwa. Nilichukua unga wa kijani unaopakwa kwenye alama za njia za dharura, nikauchanganya na maji, nikaumulika kwa tochi ya urujuanimno, kisha nikauweka chini ya kipande cha nyama mbichi chenye unene wa sentimita moja. Sikuona kitu, si kwa macho wala kwa kamera ya simu. Siku ya pili hata unga wenyewe ulikuwa umefifia. Je, habari hizi zimetiwa chumvi? Na kuna faida gani ya kutumia chembe hizi badala ya rangi za kawaida za fluoresensi?

Jibu: Ndugu mwuliza swali, habari ulizosoma ni za kweli kwa sehemu kubwa, ingawa nitakuonyesha mahali ambapo chumvi huongezwa. Kilichokuangusha ni unga uliouchagua. Unga huo uliundwa uonekane na jicho la binadamu, ukiwa mkavu, katika jengo lililozimika taa. Wewe ulitaka mwanga wake upenye damu na nyama huku unga wenyewe ukiwa umelowa maji. Ili uone umbali uliopo kati ya kazi hizo mbili, inafaa tuanzie ndani ya fuwele, mahali ambapo mwanga huwekwa akiba.

Rangi ya kawaida ya fluoresensi ikipigwa na mwanga, elektroni yake hupanda ngazi ya nishati na kushuka ndani ya nanosekunde chache, ikitoa fotoni, yaani chembe moja ya mwanga. Ukizima taa, mwanga wake umekwisha kabla kidole chako hakijaondoka kwenye swichi. Katika fosforesensi, elektroni huangukia katika hali ambayo kanuni za spini (sifa ya elektroni inayofanana na kujizungusha) huifanya ishuke kwa shida, kwa hiyo mwanga huchelewa kwa muda unaoanzia mikrosekunde hadi sekunde kadhaa. Mng'ao unaodumu, ambao ndio unaouulizia, ni jambo jingine tena, na maandishi mengi huuchanganya na fosforesensi. Hapa elektroni hung'olewa kutoka kwenye atomi iliyofyonza mwanga, husafiri ndani ya fuwele, kisha hunaswa kwenye kasoro fulani: pengo palipokosekana atomi ya oksijeni, kwa mfano, au mahali ambapo atomi ngeni imekalia kiti kisicho chake. Kasoro hizo tunaziita mitego. Elektroni hukaa mtegoni mpaka mtikisiko wa joto la kawaida uipe nishati ya kutoka na kurudi kwenye atomi inayong'aa, na hapo ndipo fotoni hutolewa. Kwa hiyo atomi inayong'aa huamua rangi ya mwanga, ilhali muda wa mng'ao huamuliwa na kina cha mtego pamoja na joto la mahali chembe ilipo.

Kina hicho hupimwa kwa elektronivolti, kizio kidogo cha nishati, na nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Mtego wa kina kidogo huvuja akiba yote kabla hujafunga mlango wa kamera. Mtego wa kina kikubwa hushikilia elektroni kabisa, na chembe haitoi mwanga mpaka uipashe moto. Katika joto la mwili, yaani nyuzi 37 za Selsiasi, kila unapoongeza kina cha mtego kwa takriban elektronivolti 0.06, muda wa elektroni kukaa mtegoni huongezeka mara kumi. Chukua mfano mwingine wa hesabu hiyohiyo: mtego wa elektronivolti 0.8 huachia elektroni zake kwa kasi inayozidi mara tatu ukiwa kwenye nyuzi 37 kuliko ukiwa kwenye nyuzi 25. Unaposoma kwamba chembe fulani iling'aa kwa saa kumi, tafuta kwanza kama ilipimwa juu ya meza ya maabara au kwenye joto la mnyama, maana jibu moja halikupi jingine.

Binadamu aliujua mng'ao huu muda mrefu kabla ya kuuelewa. Mwanzoni mwa karne ya 17, fundi viatu wa Bologna aitwaye Vincenzo Casciarolo, aliyekuwa akijishughulisha pia na alkemia, alichoma jiwe la bariti pamoja na makaa akapata kitu kilichong'aa gizani baada ya kuanikwa juani. Baadaye ikaja salfaidi ya zinki yenye shaba, ambayo hufifia mapema na ndiyo sababu katika saa za zamani ilichanganywa na radiamu, metali yenye mionzi ya nyuklia, ili isizimike. Unga wako ni wa kizazi cha 1996, pale watafiti wa Japani, Matsuzawa na wenzake, walipochapisha habari za aluminati ya strontiamu iliyotiwa metali adimu za yuropiamu na disprosiamu, ambayo hung'aa kwa saa nyingi bila kitu chochote chenye mionzi ya nyuklia. Ni kazi nzuri sana, nami sitaki uidharau kwa sababu ya kipande kimoja cha nyama.

Tuje sasa kwenye nyama yenyewe. Unga wako hutoa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520. Himoglobini iliyobeba oksijeni ina vilele viwili vya ufyonzaji, kimoja karibu na nanomita 540 na kingine karibu na 577, na misuli ina mayoglobini ambayo ni ndugu yake wa karibu. Mwanga wako ulikuwa ukipita mahali ambapo tishu hufyonza kwa pupa. Zaidi ya hapo, tishu hutawanya mwanga, na mawimbi mafupi hutawanywa zaidi kuliko marefu. Jaribu jambo dogo: funika mwanga mweupe wa tochi kwa kiganja chako gizani, na utaona kwamba kinachotokea upande wa pili ni wekundu tu, kwa kuwa kijani na bluu vimeishia njiani. Kutoka nanomita 650 hivi hadi 950, himoglobini hufyonza kidogo na maji hayajaanza kuzuia sana. Eneo hilo tunaliita dirisha la kwanza la kibiolojia. Dirisha la pili huanzia nanomita 1000 hadi karibu 1700, ambako mtawanyiko hupungua zaidi, ingawa maji hufyonza kwa nguvu karibu na 1450. Chembe yoyote inayotarajiwa kuonekana kutoka ndani ya mwili lazima itoe mwanga wake katika mojawapo ya madirisha hayo. Kamera ya simu nayo isingekusaidia kwa chembe za aina hiyo, kwa sababu mbele ya kitambuzi chake kuna kichujio kilichowekwa makusudi kuzuia infraredi.

Kufifia kwa siku ya pili kuna sababu yake tofauti kabisa. Aluminati ya strontiamu huvunjwa na maji. Weka kijiko cha unga usiofunikwa katika bilauri ya maji, uache usiku kucha, kisha uchovye karatasi ya litimasi nyekundu: itageuka bluu, kwa kuwa haidroksidi ya strontiamu imeingia majini, na juu ya unga utakuta utando mweupe wa haidroksidi ya alumini. Fuwele iliyobomoka haina mitego wala mahali pa kuwekea atomi inayong'aa. Aina zinazouzwa kwa kazi za maji huwa zimevikwa ganda la kinga, na ukisaga punje hizo ili kupata chembe ndogo, unalipasua ganda hilo kwa mikono yako mwenyewe. Usagaji una dhambi nyingine pia: hutengeneza kasoro nyingi kwenye uso wa punje, na kasoro hizo humeza nishati bila kutoa mwanga. Unga wa tanuri, uliookwa kwenye nyuzi zaidi ya 1000, hung'aa vizuri kwa sababu punje zake ni kubwa na zimepangika. Seli nayo inahitaji kitu kidogo mara mia. Mvutano huu kati ya udogo na mng'ao ndio unaokula muda mwingi wa watu wanaofanya kazi hii, kuliko swali la rangi.

Hatua ya kwanza ya kweli kuelekea mwilini ilichapishwa mwaka 2007 na kundi la Daniel Scherman mjini Paris. Walitengeneza chembe za silikati ya kalsiamu, zinki na magnesiamu, zenye yuropiamu, disprosiamu na manganizi. Manganizi ndiyo iliyotoa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 690. Walizimulika kwa urujuanimno nje ya mwili, wakazidunga kwenye panya, wakafuata mwendo wake kwa zaidi ya saa moja bila kumulika mnyama hata kidogo. Udhaifu wake unauona wewe mwenyewe: saa ikiisha, kazi imeisha. Urujuanimno haupenyi ngozi, hivyo huwezi kuzijaza tena zikiwa ndani, na mambo mengi ya kibiolojia, kama chembe kufika kwenye uvimbe au seli iliyopandikizwa kuhamia mahali pengine, huchukua muda mrefu kuliko saa moja.

Jibu la tatizo hilo lilikuja kwa galati ya zinki yenye kromi, nayo nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Katika fuwele hii, ya familia ya spineli, zinki na gali zina viti vyao maalumu, lakini sehemu ndogo ya atomi hizo hubadilishana viti: zinki hukaa penye gali na gali penye zinki. Kromi, ambayo huchukua kiti cha gali, inapokuwa jirani na jozi hiyo iliyokosea viti, hupata mtego mlangoni pake. Nishati inayofyonzwa na kromi inaweza kuwekwa akiba papo hapo, bila elektroni kulazimika kusafiri mbali. Matokeo yake ni makubwa: mwanga wa chungwa au mwekundu, wenye nishati ndogo kuliko ile ambayo nadharia ya kawaida ya mitego ingedai, unatosha kuzijaza chembe. Na mwanga wa aina hiyo hupenya tishu. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo haohao wa Paris, walionyesha kwamba ukimmulika panya kwa taa ya LED kutoka nje, kisha ukaizima, chembe zilizo ndani huanza kung'aa upya karibu na nanomita 695, na unaweza kurudia zoezi hilo kila unapohitaji picha. Kuanzia hapo, kikomo cha saa moja kiliondoka.

Nilikuahidi chumvi. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, lilichapisha habari za galojermanati ya zinki yenye kromi, ambayo ikianikwa juani kwa sekunde hadi dakika chache hutoa infraredi kwa zaidi ya saa 360. Takwimu hiyo ni sahihi, lakini wanaoinukuu husahau kueleza ilionekanaje. Mwishoni mwa muda huo mng'ao ulionekana kwa kifaa cha kuonea usiku, chenye uwezo wa kukuza mwanga hafifu sana. Mng'ao unaodumu haushuki kama mshumaa unaowaka sawasawa mpaka nta iishe. Mara nyingi hushuka kwa karibu kinyume cha muda. Kilichokuwa 600 baada ya dakika moja huwa 10 baada ya saa moja, na 1 baada ya saa kumi. Ukiambiwa chembe inadumu siku kadhaa, umeambiwa habari za kitambuzi kilichotumika kama ulivyoambiwa habari za chembe. Mimi nikisoma makala ya aina hii huruka kichwa cha habari, nikatafuta mwangaza wa dakika ya kumi na wa saa ya kwanza, pamoja na kiasi cha chembe kilichotumika.

Sasa faida yake juu ya rangi za fluoresensi. Rangi nzuri ya fluoresensi hutoa fotoni nyingi kwa sekunde kuliko chembe zetu, tena kwa tofauti kubwa. Ukitafuta mwangaza, utashindwa. Faida ipo kwenye usuli, yaani mwanga usioutaka unaouzunguka ule unaoutafuta. Unapomulika tishu ili rangi yako ing'ae, unamulika pia flavini, kolajeni, porfirini na hata chakula kilichomo tumboni mwa mnyama, na vyote hivyo hujibu kwa mwanga wao. Picha yako basi ni nyota inayotazamwa mchana. Chembe yenye mng'ao unaodumu hukuruhusu kuzima jua: unazima taa, unasubiri sekunde chache, fluoresensi ya tishu inakufa yote, na kinachobaki gizani ni chembe peke yake. Fotoni mia moja juu ya giza zina maana kuliko fotoni milioni moja juu ya usuli wa milioni tano unaopandashuka.

Wazo la kusubiri ni la zamani kuliko chembe hizi. Vipimo vya kinga vinavyotumia michanganyiko ya yuropiamu vimefanya hivyo kwa miongo kadhaa: kifaa humulika, husubiri mikrosekunde mia kadhaa, kisha husoma. Tofauti ni kwamba vifaa hivyo vinahitaji taa ya mapigo ya haraka na saa makini ya kielektroniki, ilhali mng'ao wa dakika na saa unaweza kuusubiri kwa kuhesabu vidole. Ukilinganisha na mwanga wa kimeng'enya cha lusiferasi, ambao nao hauhitaji taa, pale inabidi seli zibadilishwe jeni na mnyama adungwe lusiferini, kitu ambacho kimeng'enya hicho hukitumia kutoa mwanga. Chembe hazidai lolote kati ya hayo, lakini nazo hazigawanyiki pamoja na seli, kwa hiyo kila seli ikizaliana alama hupungua nusu.

Giza lenyewe ni kitu cha kulinda, na hapa nikusimulie aibu yangu. Nilipokuwa naanza kazi hii niliwahi kupima sampuli kwenye sahani nyeupe ya visima 96, nikaona mng'ao mzuri unaoshuka polepole, nikaandika kurasa mbili za maelezo kwenye daftari. Kesho yake niliweka sahani tupu, ikatoa mng'ao uleule. Plastiki nyeupe ilikuwa imekunywa mwanga wa taa za dari na ilikuwa ikiutema taratibu ndani ya kifaa. Tangu siku hiyo hutumia sahani nyeusi, huiacha gizani dakika kumi kabla ya chochote, na kisima cha maji matupu hakikosekani. Utepe wa gundi, lebo za karatasi nyeupe na glavu nyingine zina tabia hiyohiyo.

Katika utambuzi wa viashiria, njia inayorudiwa sana ni ya kuzima na kuwasha. Unaifunga chembe na kitu kinachomeza nishati yake, kama chembe za dhahabu au tabaka jembamba la dioksidi ya manganizi, chembe inazimika. Kisha kile unachokitafuta kikija, hukiondoa kizimio. Glutathioni, kwa mfano, huyeyusha dioksidi ya manganizi na kuifanya ioni za manganizi, na mng'ao hurudi kwa kadiri ya glutathioni iliyopo. Protini kama alfafetoprotini, kiashiria cha saratani ya ini, nayo imepimwa kwa mtindo huu kwa kutumia kingamwili na dhahabu. Michoro yake katika makala hupendeza, ila kuna jambo la jiometri ambalo michoro huficha. Uhamishaji wa nishati kutoka chembe kwenda kwenye kizimio hufanya kazi katika umbali wa nanomita chache tu, tuseme 5. Katika chembe yenye kipenyo cha nanomita 100, tabaka la nje la nanomita 5 lina takriban asilimia 27 tu ya ujazo wote; atomi zilizobaki ziko ndani mno, na kizimio hakizifikii. Kwenye kipenyo cha nanomita 50 sehemu hiyo hupanda hadi karibu nusu, na kwenye nanomita 10 huwa chembe nzima. Kwa hiyo ukiona mtu anadai amezima asilimia 95 ya mng'ao wa chembe kubwa, mara nyingi kizimio kinafyonza tu mwanga uliokwisha kutoka, kama kioo cheusi mbele ya taa, na hilo hubadilisha namna ya kufasiri kipimo chote.

Tatizo la pili la vipimo hivi ni saa. Mng'ao hushuka kila dakika hata pasipo na kitu chochote cha kupima, hivyo namba unayosoma inategemea kiashiria, muda tangu taa izimwe, na muda uliomulika. Suluhisho la uhakika ni kutumia rangi mbili kutoka chembe moja na kusoma uwiano wake, au kuweka sampuli ya ulinganisho pembeni, ikimulikwa na kusomwa sambamba na yako.

Mahali ambapo naona njia fupi zaidi ya kufika kwenye matumizi ni kwenye utepe wa kipimo, ule wa mtindo wa kipimo cha mimba, na hapo unga wako wa kijani unarudi kwa heshima zake. Karatasi haina himoglobini. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston walisaga aluminati ya strontiamu, wakaivika silika ili maji yasiivunje, wakaifunga na protini za utambuzi na kuitumia kama alama ya mstari kwenye utepe. Utando wa nitroselulosi, ambao ndio karatasi ya utepe, una fluoresensi yake ambayo husumbua rangi za kawaida. Ukimulika, ukazima na kusubiri, usumbufu huo huondoka, na kamera ya kawaida inatosha kuusoma mstari kwa kuwa kijani kiko ndani ya uwezo wake. Hakuna ini wala wengu wa kuwazia.

Mwilini hivyo viwili ndivyo huamua chembe ziishie wapi. Chembe ikiingia kwenye damu hufunikwa na protini, na seli za kinga zilizoko kwenye ini na wengu huichukua, mara nyingi ndani ya dakika. Picha nyingi za panya huonyesha ini linalong'aa kuliko kitu kingine chochote, na msomaji asiye na habari hudhani ndilo lililolengwa. Kuvika chembe polyethilini glikoli, polima inayopenda maji, huchelewesha jambo hili kwa saa kadhaa. Figo hupitisha chembe ndogo kuliko nanomita 6 hivi tu, na kwenye ukubwa huo mng'ao unaodumu huwa hafifu sana, kwa kuwa atomi nyingi ziko usoni. Basi chembe za fuwele zilizoingia hubaki kwa muda mrefu, zikiwa na gali na kromi ndani yake. Kromi ya hali ya tatu si ile ya hali ya sita inayoogopwa, lakini mabaki ya muda mrefu kwenye ini ni jambo ambalo halina njia ya mkato, na ndilo linalofanya kazi hii ibaki kwa panya.

Ndiyo maana wapo waliogeukia vitu vya kikaboni. Mwaka 2017 Ryota Kabe na Chihachiro Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu walionyesha mchanganyiko wa molekuli mbili za kikaboni usio na metali ukiendelea kung'aa kwa zaidi ya saa moja, ingawa ulihitaji kukingwa na oksijeni. Mwaka huohuo, huko Singapore, kundi la Kanyi Pu lilitumia polima ambazo huweka nishati kwa namna nyingine: mwanga huzalisha oksijeni singleti, aina ya oksijeni yenye nishati nyingi, hiyo hujiunga na polima na kufanya kiunganishi dhaifu cha dioksetani, nacho huvunjika polepole na kutoa mwanga kwa dakika kadhaa. Pale akiba ni ya kikemia, na polima zenyewe zinaweza kuoza mwilini. Wengine wameelekea kwenye eksirei, ambayo hupenya tishu kwa kina. Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Fudan lilionyesha chembe za floridi zenye lanthanidi (metali za familia ya yuropiamu) ambazo hujazwa kwa eksirei na kung'aa kwenye dirisha la pili, zaidi ya nanomita 1000. Ubora wa picha ni wa kuvutia, bali kila kujaza upya ni dozi ya mionzi, na kujaza upya mara kwa mara ndiko kulikofanya galati ya zinki ipendwe.

Kwa tasnifu yako, acha unga wa alama za dharura na utengeneze galati ya zinki yenye kromi kwa njia ya maji moto katika chombo cha shinikizo: nitrati za zinki, gali na kromi kidogo, amonia kuinua pH hadi karibu 9, kisha tanuri kati ya nyuzi 180 na 220 kwa saa kadhaa. Utapata chembe za karibu nanomita 10 ambazo maji hayazivunji. Jaza kwa LED nyekundu kwa muda uleule kila mara, zima, hesabu sekunde 30, kisha soma kwa kamera iliyopozwa ya aina inayotumika kwa lusiferasi, ambayo bila shaka idara ya jirani inayo. Rudia jaribio la nyama kwa vipande vya milimita 2, 5 na 10 ili uone mwanga unavyopungua kwa kila unene, na uweke kipande cha nyama kisicho na chembe chini yake, kimulikwe vivyo hivyo. Hicho cha mwisho kipime kwanza.